Uhasibu wa Kuitikia

Mwaka ule nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata kivuli changu kilikuwa kinaomba likizo. Asubuhi nilikuwa karani wa ghala kwenye chama cha ushirika pale Mpanda, naandika vibandiko vya marobota ya tumbaku: namba ya mkulima, daraja, uzito, namba ya mkulima, daraja, uzito. Vumbi la tumbaku lilikuwa linanipigisha chafya za kuezua bati. Jioni nilikuwa mwanafunzi. Katikati ya hayo mawili nilikuwa mama wa watoto na mke wa fundi baiskeli, kazi ambazo hazina saa ya kuingia wala ya kutoka, na sijawahi kusikia mtu akizipigia kengele ya chai.

Shule ya jioni sikuingia kwa kupenda vitabu. Niliingia kwa woga. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, ushirika ulikuwa umeanza kuyumba, wanunuzi binafsi wameingia na malori yao mapya, na sisi tulikuwa na lori moja ambalo lilitembea zaidi kwa kusukumwa kuliko kwa dizeli. Nilikuwa nimeshasoma muda mrefu siku meneja alipotuita ghalani wote. Akapanda juu ya mzani wa marobota ili tumwone vizuri, mshale wa mzani ukaruka, na hakuna aliyethubutu kucheka.

"Mtihani wa mwisho ni mwezi wa kumi na moja," alisema. "Mwenye cheti cha uhasibu atahamia upande wa hesabu. Asiye na cheti, ofisi itamshukuru."

Neno hilo la kushukuriwa lilitutisha kuliko kama angesema atatufukuza. Mtu anayefukuzwa anaweza kubishana. Anayeshukuriwa anajibu nini?

Mwenzangu wa meza moja, mama mtu mzima aliyenizidi umri mbali sana, alininong'oneza, "Mimi cheti nilichonacho ni cha ubatizo. Sijui kama wanapokea."

Mimi nilibakiza somo moja tu. Masomo mengine ya kile cheti nilishayafaulu, yale ya sheria za biashara na taratibu za ofisi, kwa sababu yalikuwa ya kukariri, na mtu aliyelelewa kwa kukariri hashindwi na kukariri. Somo lililonishinda ni lile lenyewe la hesabu za vitabu. Nilikuwa nimeshakwenda Tabora kulifanya mara mbili na mara mbili nimerudi na karatasi ya masikitiko. Jambo lililonichanganya ni kwamba darasani nilikuwa moto. Darasani nilikuwa natoa majibu kabla swali halijamaliza kuvaa viatu. Nikifika Tabora, kichwa kinakuwa chungu cha jana, kimesuguliwa hadi kinang'aa, hakina kitu.

Watu walisema ni Kiingereza cha mtihani. Wengine walisema nimerogwa na wafanyakazi wenzangu. Mume wangu alisema ni uchovu, na nadhani alitaka kuwa mpole.

Darasa letu lilikuwa chumba cha darasa la pili kwenye shule moja ya msingi ya mtaa wa Nsemulwa. Madawati yalikuwa ya watoto wadogo, kwa hiyo tulikaa magoti yakiwa karibu na masikio kama panzi. Umeme wa mji ulikuwa wa majenereta na haukuwa na habari na sisi. Tuliwasha karabai, kila mtu na zamu yake ya kupampu, na mvua za kwanza zikishanyesha, kumbikumbi walihudhuria vizuri kuliko wanafunzi. Naapa kuna siku walitimia robo ya chumba. Kama wangelipa ada, mwalimu wetu angejenga ghorofa.

Mwalimu huyo alikuwa mhasibu mstaafu, Mpimbwe kutoka kijiji cha Kasansa, mtu wa mashamba ya mpunga na wa kanisa. Kabla ya kusomea uhasibu alikuwa katekista kwa miaka mingi, akifundisha watoto na wazee mafundisho ya ubatizo. Hiyo ndiyo njia ya kufundisha aliyoijua, na hakuona sababu ya kutafuta nyingine. Isitoshe, kitabu cha kiada kilikuwa kimoja tu, chake, kisicho na jalada, cha Kiingereza, na kurasa za mwisho zilishaliwa na mchwa. Hatukuwa na cha kusoma kwa macho. Kwa hiyo yeye alisoma, akatafsiri, kisha akauliza kwa sauti ya kanisani, na sisi tukaitikia.

"Anayepokea?"

"Debiti!"

"Anayetoa?"

"Krediti!"

"Kinachoingia?"

"Debiti!"

"Kinachotoka?"

"Krediti!"

"Hasara na matumizi?"

"Debiti!"

"Mapato na faida?"

"Krediti, daima!"

Hilo la "daima" tuliliongeza wenyewe na yeye akaliacha, nadhani lilimgusa. Wapita njia walidhani ni dhehebu jipya. Kuna mama mmoja alikuja na mtoto mgonjwa kuomba tumwombee.

Hata maswali makubwa tuliyafanya hivyohivyo. Mwalimu anasoma, "Mfanyabiashara amenunua baiskeli kwa mkopo," sisi tunapiga kelele kipande kwa kipande, baiskeli imeingia, debiti. Aliyetoa ni muuzaji, krediti. Naye anaandika ubaoni kile tulichoimba. Kalamu zetu zilikuwa za kunakili tu. Hesabu ilifanywa na mdomo.

Kati yetu alikuwepo kijana Msukuma, mrefu, ambaye wazazi wake walihamia na ng'ombe kutoka kaskazini, yeye akapata kazi ya kukusanya ushuru mnadani. Sote tulimwita Ngosha, kama Wasukuma wanaume wanavyoitwa huku kwetu. Huyu ndiye aliyekuwa anamtoa Mwalimu jasho. Nakumbuka jioni ya somo la uchakavu.

"Mali yoyote ya kudumu," Mwalimu alisema, "inachakaa. Kila mwaka tunapunguza thamani yake. Mali ya kudumu?"

"Inachakaa!" tuliitikia wote, isipokuwa mmoja.

"Mwalimu, mimi hapo siitikii," Ngosha alisema.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Ng'ombe hachakai. Mwaka huu ninaye mmoja, mwakani wawili. Sasa nipunguze nini?"

"Siku moja atazeeka."

"Akizeeka tunamla."

"Na akiisha kuliwa?"

"Ngozi inabaki."

Darasa likavunjika mbavu. Mwalimu alivua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa. "Ngosha, kwenye mtihani hawatakuuliza ng'ombe. Watakuuliza mashine ya kusaga."

"Mashine ichakae tu, Mwalimu. Mashine haina mama."

Nilicheka mpaka machozi, halafu nikashtuka nikiwa nimeegemea dawati nimesinzia, karabai inafoka, na Mwalimu ananiita jina langu kwa upole kama mtu anayeamsha mgonjwa kumpa dawa. Hivyo ndivyo nilivyosoma. Nusu ya uhasibu wangu niliipata nikiwa macho na nusu nyingine iliniingia kama maji yanavyoingia kwenye mtungi uliopasuka.

Nyumbani niliendelea. Nilisonga ugali huku nauliza, "Mwenye duka amelipa kodi ya pango?" na watoto, ambao hawakujua kodi wala pango, walijibu kutoka uani, "Debiti matumizi!" Mdogo kabisa alikuwa hajajua kusema "maji" sawasawa lakini "krediti" aliitamka kama meneja wa benki. Mume wangu alikuwa anarudi na mafuta ya mnyororo hadi kwenye nyusi, anajitupa kitandani, na nikimuuliza swali gizani ananijibu usingizini. Mara nyingi alipatia.

Basi, mwezi wa kumi na moja ukafika. Safari hii sikwenda Tabora peke yangu. Ngosha naye alikuwa amebakiza somo hilohilo, analifanya kwa mara ya kwanza. Mwenzangu wa meza alinikamata mkono stesheni, akasema, "Nenda ukatuokoe hata mmoja wetu, mwanangu." Niliingia kwenye treni na maneno hayo yakiwa mazito kuliko mzigo wangu.

Treni ilikwenda kwa mwendo wa mtu aliyetumwa asikotaka. Ngosha alilala tangu Mpanda, magoti yake yakiwa kwenye siti ya mtu mwingine. Mimi nilikodoa macho usiku kucha, na tulipofika Tabora nilikuwa nimechoka hata kabla ya mtihani kuanza, yaani nilikuwa nimeutanguliza uchovu kama mtu anavyotanguliza mzigo.

Ukumbi ulikuwa mkubwa, wa shule ya sekondari, madawati yamepangwa mbalimbali kiasi kwamba ungehitaji baiskeli kumsalimia jirani. Msimamizi alikuwa mzee aliyevaa kaundasuti ya kijivu, kalamu nne mfukoni. Akasema, "Watahiniwa, kuanzia sasa sitaki kusikia hata mtu akimeza mate."

Kukawa kimya. Na kile kimya ndicho kilichokuwa ugonjwa wangu, ila mpaka siku hiyo nilikuwa siujui jina. Nilisoma swali la kwanza. Nikalisoma tena. Maneno yalikaa kwenye karatasi kama wageni mlangoni, hayaingii ndani wala hayaondoki. Nikajaribu kulisoma kwa mdomo uliofungwa. Bure. Kalamu ilikuwa inasubiri mtu aseme.

Ngosha alikuwa madawati mawili mbele yangu. Nilimwona mabega yake yanavyotikisika kidogokidogo. Mtu mwingine angedhani analia. Mimi nilijua: alikuwa anaitikia moyoni. Na bila kujua nafanya nini, pumzi yangu ikatoka na maneno, kwa sauti ndogo mno:

"Anayepokea?"

"Debiti!" alijibu Ngosha.

Hakunong'ona. Alijibu kama tuko Nsemulwa, kwa kifua chote. Sauti ikagonga ukuta wa mbele, ikarudi. Ukumbi mzima uligeuka. Mtu mmoja nyuma akacheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi.

Msimamizi alikuja kwa hatua za polepole, zile za mtu mwenye uhakika wa mwisho wa habari.

"Wewe mrefu. Unamjibu nani?"

"Simjibu mtu, mzee," Ngosha alisema, naye kashtuka kweli. "Imetoka yenyewe."

"Imetoka yenyewe ikiwa na jibu?"

"Ndivyo tulivyofundishwa, mzee. Tunaitikia."

"Mnaitikia nini? Hapa ni misa?" Akaniangalia mimi, maana macho yangu yalikuwa yameshajitia hatiani. "Na wewe mama, mko pamoja?"

"Tumesoma pamoja," nilisema. "Lakini hatuibiani, mzee. Ni mdomo tu."

"Ni mdomo tu," alirudia, kama anayeonja mchuzi asioupenda. Kisha akaamua. Ngosha akafanyie mtihani nje, barazani, peke yake, na jambo hilo litaandikwa kwenye ripoti inayokwenda kwenye bodi ya mitihani. Mimi nibaki. Nikisikika tena, karatasi yangu inachukuliwa. Ngosha akabeba dawati lake begani kama mtoto wa mbuzi, akatoka.

Nikabaki na kimya changu. Nilijitahidi, Mungu ni shahidi. Niliuma ncha ya khanga. Nilibana ulimi kwa meno. Nilijaribu kutumia mikono, wa kushoto uwe debiti, wa kulia krediti, nikajikuta napepea hewani kama mtu anayefukuza nyuki, msimamizi akakohoa. Kila nilipoandika mstari, niliufuta. Dakika zilikwenda na nilikuwa nimeandika kichwa cha habari tu, nacho nilikipigia mstari mara mbili, kwa rula.

Hapo nikatazama dirishani. Nilimwona Ngosha kule mwisho wa baraza. Mdomo wake ulikuwa unakwenda kama cherehani. Alikuwa anasema, anaandika, anasema, anaandika. Ananyoosha kidole kwa mbuzi aliyelala chini ya mlingoti wa bendera, anamuuliza, halafu anajijibu mwenyewe na kuandika. Amefukuzwa, na amenawiri!

Nilikaa nikifikiri kwa muda ambao sikuwa nao. Nikibaki humu ndani, jina langu litakuwa safi na karatasi yangu itakuwa safi vilevile, nyeupe, na matokeo yakifika ofisi itanishukuru. Nikitoka nje, nitaandikwa kwenye ripoti pamoja na mtu aliyejibu swali langu, na bodi ikitaka inafuta mtihani wangu wote, labda na yale masomo niliyokwisha kufaulu. Kushindwa kwa uhakika au kushinda kwa mashaka. Nilikuwa nimechoka sana kuchagua, na nadhani uchovu ndio ulioniinua mkono. Mtu mwenye nguvu angebaki akaendelea kujitahidi.

"Unataka kwenda haja?" msimamizi aliuliza.

"Hapana, mzee. Naomba na mimi unitoe nje."

Alizihesabu kalamu zake mfukoni kwa kidole. Nadhani katika maisha yake yote ya kusimamia mitihani alikuwa hajawahi kuombwa adhabu.

"Umefanya kosa gani?"

"Bado. Lakini nikikaa hapa nitalifanya. Mimi nisiposema, siwezi kuandika."

"Mama, ukitoka nitakuandika kwenye ripoti kama mwenzako. Sitaandika kwamba umeomba mwenyewe kwa hiari, maana hawatanielewa. Nitaandika umetolewa. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Bodi inaweza kukufuta."

"Naelewa, mzee. Saa inakwenda."

Alivuta pumzi ndefu, akanisaidia kubeba dawati upande mmoja. Hilo sikulitegemea. Tuliliweka mwisho mwingine wa baraza, kinyume kabisa na Ngosha, karibu na pipa la maji ya mvua, na kati yetu akamkalisha mwalimu mmoja msichana atulinde, ambaye alikuwa anafuma kitambaa cha kochi.

Nikaanza. Nilijiuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe, kwa sauti ya chini lakini ya kweli, sauti ya mtu anayesali peke yake. Mashine imeingia, debiti. Benki imetoa, krediti. Yale maneno yaliyokuwa mlangoni yakaingia ndani, yakakaa, yakaomba maji. Kalamu ikakimbia. Sijawahi kuandika vile tena. Naamini karatasi ilipata joto.

"Mama," yule msichana alisema bila kuinua macho, "punguza kidogo. Umenifanya niruke mshono."

"Samahani, mdogo wangu. Mashine imechakaa."

"Pole," alisema.

Halafu mvua ikaja. Mvua ya Tabora ya mwezi ule haibishi hodi. Ilimwagika barazani kiubavu, nikavua khanga ya juu nikaifunika karatasi, nikaandika chini ya khanga kama mtu anayejifukiza. Kishindo cha bati kilikuwa kikubwa kiasi kwamba sasa niliweza kupaza sauti bila kumsumbua mtu. Nikapaza. Upande wa pili, katikati ya mvua, nilisikia kwa mbali Ngosha naye anapaza, kila mmoja na swali lake, hatusikilizani. Pande mbili za urari wangu, debiti na krediti, zikalingana mara ya kwanza, na sikuamini, nikajumlisha tena, zikalingana tena. Swali la mwisho sikulifikia lote. Kengele ililia nikiwa nusu ya mizania, ile hesabu ya mwisho ya mali na madeni, mgongo umelowa, meno yanagongana.

Msimamizi aliandika ripoti yake mbele yetu, taratibu, kwa kalamu mojawapo kati ya zile nne.

"Mzee," nilimwambia, "andika basi kwamba tulikuwa mbalimbali."

"Nitaandika nilichokiona," alijibu, na hakunionyesha.

Tulirudi Mpanda kila mtu na mawazo yake. Ngosha alikuwa na amani. "Dada, wakinifuta, mimi narudi kwa ng'ombe," alisema. "Wewe ndiye nakuwazia." Nikageukia dirisha. Mimi sikuwa na mahali pa kurudi zaidi ya pale mezani, na meza yenyewe ilikuwa inaondolewa.

Majuma yaliyofuata yalikuwa marefu kuliko reli. Msimu wa kununua ulikuwa umeshafungwa. Marobota ya mwisho yaliondoka, ghala likabaki na mwangwi. Tuliendelea kuja kazini na kukaa, tukifuta mizani isiyopima kitu. Nikisikia baiskeli ya tarishi aliyetoka posta, nafuta mzani uleule mara ya pili. Sikuogopa kufeli kama nilivyoogopa lile neno la kufutwa, kwa sababu aliyefeli anarudia, ila aliyefutwa anaambiwa asije tena. Niliota yule mzee wa kaundasuti anaandika, anaandika, wino hauishi.

Bahasha ilifika mchana mmoja wa joto la kukausha mate. Niliipeleka nyuma ya ghala nikampa mwenzangu wa meza.

"Nifungulie. Mimi mikono imekataa."

Akaifungua, akaigeuza juu chini, akaisogeza mbali na macho. "Ni Kiingereza kitupu. Hapa sijui kama ni msiba au harusi."

Ikabidi niitazame mwenyewe. Nilitafuta kwanza habari ya kufutwa. Haikuwepo. Hakukuwa na neno lolote la ripoti, wala la baraza, wala la kelele. Mpaka leo sijui mzee yule aliona nini akaandika. Kulikuwa na jina la somo, na mbele yake alama, ya chini kabisa katika zile zinazohesabiwa kufaulu. Ingeteleza kidogo tu ingeanguka. Lakini haikuteleza.

"Nimefaulu," nilisema.

Mwenzangu alinikumbatia akanitikisa kama anapepeta mpunga. Akapiga kigelegele kimoja, kifupi, kisha akakaa chini kwenye kreti, maana wote wawili tulikumbuka kwa pamoja kwamba habari yangu njema ilikuwa na upande wake. Yeye alishukuriwa Ijumaa hiyohiyo. Alipeana mikono na kila mtu, hata mlinzi, akaondoka na kikombe chake cha chai kwenye mfuko wa rambo. Nilimsindikiza mpaka barabarani, na hakuna kati yetu aliyekuwa na mzaha wa kutosha.

Ngosha naye alifaulu, tena kwa alama zilizonitupa mbali. Alikwenda kumwonyesha baba yake cheti. Baba yake alikishika, akakinusa, akauliza kinakula nini.

Jumatatu nilihamia upande wa hesabu. Meneja alinionyesha meza, halafu akanionyesha meza ya pili iliyounganishwa nayo, ambayo mwenyewe alikuwa ameondoka na wale wengine. "Hizi nazo utazishika, kwa muda," alisema. Huo muda wa ofisi zetu naujua mimi. Nilikaa. Madaftari yalikuwa yamerundikana kiasi kwamba nilimwona meneja nywele tu. Nilianza kufanya kazi, na karani mpya wa chumba kile, kijana kutoka Sumbawanga, akaniuliza kwa heshima kama ninasali.

Nilirudi nyumbani jua halijazama. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu sana, na watoto walinishangaa kama mgeni aliyekuja bila taarifa. Mume wangu alikuwa uani, baiskeli ya mtu imepinduliwa magurudumu juu.

"Ehe, mama watoto. Umepewa hiyo kazi?"

"Nimepewa."

"Kazi gani hasa?"

"Ya watu wawili."

"Na mshahara?"

"Wa mmoja."

Alizungusha gurudumu, akalisikiliza. "Si haba," alisema. "Wengine wamepewa wa sifuri."

Nikataka kumwambia neno la kumchekesha, nilikuwa nalo kabisa, limefika kwenye ulimi. Lakini nilikuwa nimeshakaa kwenye kigoda, mgongo umegusa ukuta wenye joto la mchana, na nilipofumba macho ili nilipange vizuri, nikalala hapohapo. Wanasema walinifunika shuka na kula bila mimi.